Pumzi ya Shangazi

Ukimtafuta Shangazi, kwanza uliulizia mkoba wake. Ulikuwa mkoba wa buluu wenye zipu iliyokwisha meno upande mmoja, na ndani yake mlikuwa na kanga, msala, dawa za kifua na chujio la chai, maana hakuwa na imani na chujio la mtu mwingine. Hapa Maskati, Omani, mkoba ukiwa mtaa wa Mabela, Shangazi yuko kwa mwanawe wa kiume. Ukiwa Bustan, yuko kwa binti yake. Ukiwa kwetu Khuwair ya Kusini, basi ujue mchana huo hatulali, kwa sababu atataka kuhamisha makochi. Nguo alizovua zilifuliwa, zikakunjwa na kurudi mkobani siku hiyo hiyo. Kabatini hakuacha hata leso. Tukimwomba akae japo mpaka Ijumaa, jibu lake lilikuwa moja: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Miye jembe lenu silitaki." Jembe lenyewe hatuna. Khuwair nzima ukitafuta jembe utalipata wapi.

Kungoja hakukujua. Kwenye taa za barabarani, nyekundu ikiwaka, aligonga dashibodi kwa pete yake mpaka dereva aanze kutetemeka. Kwa daktari alisimama mlangoni badala ya kukaa kitini, ili wachoke kumwona na wamwite mbele ya wenzake. Chai aliiepua kabla haijachemka sawasawa, kisha akalalamika kwamba majani ya siku hizi hayana rangi. Siku moja nilirudi kutoka shule na methali mpya, kwamba haraka haraka haina baraka, nikamtolea. Alinitazama kwa huruma. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema. "Hiyo hawakukufundisheni?"

Nilimpenda, na alinichosha. Nayaweka yote mawili mwanzoni ili nisije nikasahau moja.

Sisi ni watu wa kasida. Katika familia zetu zilizotoka Unguja zikatua hapa Maskati, wapo wanaojulikana kwa biashara, wapo wanaojulikana kwa vyeo vya wizarani. Sisi tunajulikana kwa kelele. Kaka yangu Suleiman anapiga udi. Watoto wa ami zangu wanapiga dufu. Binti wa Shangazi na mawifi zangu wanaitikia. Mchana kila mmoja ana ofisi yake na kitambulisho chake cha kuning'iniza shingoni, jioni tunakutana kwa mmoja wetu, viatu vinajaa barazani, na kelele zinaanza. Tunaitwa kwenye maulidi na kwenye harusi, na watu wa Mabela wanatujua kiasi kwamba wakitusikia tunapima sauti huanza kutafuta pa kukaa.

Mimi napiga fidla, na sababu yake ni Shangazi. Nilipokuwa mdogo alinisikiliza nikiimba ubeti mmoja tu, akaniinulia mkono ninyamaze. Akasema mbele ya watu wote kwamba sauti yangu inafaa kuitia teksi. Kesho yake akaniletea fidla. Miaka mingi baadaye alitokea jirani mmoja wa Suleiman aliyenung'unika kuwa dufu hana neno nazo, lakini fidla katika kumsifu Mtume imemkaa vibaya. Shangazi alimpelekea sahani ya kachori, akamweleza kwa upole kwamba fidla ile ndiyo inayomnyamazisha binti wa kaka yake, na siku akiiacha ataanza kuimba, na hapo ndipo mtaa utakapoingia katika haramu. Jirani alicheka mpaka akasahau kilichomleta. Kachori alikula.

Kufundisha kwake kulikuwa kwa namna moja, na sijaona mwingine anayefundisha hivyo. Alikaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, akamwita mtoto akae mbele yake na kumwegemea. Mgongo kwa kifua. Hakukwambia vuta pumzi hapa, shusha hapa. Aliimba, wewe ukasikia mgongoni kifua kikijaa, nawe ukajaa. Kikishuka, nawe ukashuka. Baada ya jioni chache ulikuwa unaimba bila kufikiri, na kama umezubaa alikubana kwa magoti. Sisi sote tulipita hapo, hata mimi nisiyeruhusiwa kuimba, kwa sababu alisema mwenye fidla naye lazima apumue na wenzake. Kifua chake kilikuwa na mlio mdogo wa filimbi kwa ndani. Nilipokuwa mtoto nilidhani vifua vyote vya watu wazima vina filimbi.

Mwanamke huyu asiyeweza kukaa kitako aliwataka wanafunzi wake wasitikisike hata kidole. Yeye mwenyewe akiongoza kasida alitembea. Ipo kanda yetu ya zamani iliyorekodiwa sebuleni, na humo sauti yake inakwenda mbali na kurudi, inakwenda na kurudi, kwa sababu alikuwa akienda jikoni kuangalia sufuria na kuimba njia nzima. Alikuwa mkali wa sala, na alikuwa shabiki mkubwa wa mieleka ya kwenye televisheni. Adhana ikilia alizima sauti, lakini jicho liliwachunga wale wanaume mpaka muadhini amalize, kisha akainuka kutawadha huku akisema yule mnene ataonewa tu. Ukimuuliza kulikoni, alisema kila mtu ana jambo lake la kumwomba Mungu msamaha, na lake hilo linamtosha.

Kasida yake mwenyewe ilikuwa moja. Aliitunga zamani na hakupenda kuelezea. Ina kiitikio kirefu, ambacho sasa hata watoto wa shule za Mabela wanakijua: *Tumefika mlangoni, twangoja utufungue.* Kinaimbwa kwa mkokoto, kila neno linavutwa, na pale baada ya "twangoja" sote tunanyamaza. Udi unanyamaza, dufu zinanyamaza, upinde wangu unasimama hewani. Kisha, watu wakidhani tumesahau, tunaingia pamoja: "utufungue." Nimewaona wanawake wazima wakijishika vifua katika kimya kile. Shekhe mmoja aliyealikwa kwenye maulidi alisimama baadaye kutueleza kwamba huo ndio ufundi, kwamba kimya kile ni cha mja aliyebisha hodi na sasa anangoja, na kwamba anayeijua subira atakisikia. Shangazi alikuwa akimsikiliza huku akipekua kwenye mkoba, na kabla shekhe hajafika kwenye dua alikuwa ameshauliza nani ana gari linaloondoka.

Suleiman ndiye aliyeamua turekodi albamu mpya, safari hii studioni, kitaalamu. Shangazi alikuwa amekwisha kuacha kuongoza. Pumu ilikuwa imemchosha miaka mingi, na ingawa daktari mpya alikuwa amempa dawa ya kuvuta iliyomfaa kuliko zote za nyuma, akawa anapanda ngazi bila kusimama, alisema zamu yake imekwisha. Lakini kasida yake ndiyo iliyokuwa ya kufungulia albamu, na alitaka kuhakikisha hatuiharibu.

Studio ilikuwa kwetu Khuwair, ghorofani, juu ya duka la mapazia. Fundi wa sauti alikuwa bwana mmoja kutoka Nairobi, ndevu zimeanza mvi, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, mpole wa ajabu. Jambo moja tu hakulegeza: tukianza kurekodi anazima kiyoyozi, kwa sababu maikrofoni zinakisikia. Na ulikuwa ule wakati wa mwaka ambapo Maskati ukizima kiyoyozi unaanza kuhesabu dhambi zako. Jasho lilitutiririka, nyuzi zililegea, Suleiman alikaza udi, mimi nikakaza fidla, mawifi wakajipepea kwa makaratasi mpaka fundi akaomba makaratasi nayo yanyamaze. Shangazi alikaa pembeni dakika mbili, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akaambiwa viatu vyake vinasikika, akavivua.

Tulipomaliza kiitikio mara ya kwanza fundi alituita kwenye kompyuta yake. Sauti zetu zilikuwa zimechorwa humo, kila mtu na mstari wake, vilima juu ya vilima. Na pahala pamoja, mistari yote ilikuwa imelala chini, kavu, toka juu mpaka chini ya kioo.

"Hapa mnanyamaza wote pamoja, sawasawa kabisa," akasema. "Hata kupumua mnapumua pamoja. Sisi kwa kwaya tumejaribu miaka, hatuwezi hii. Ni nani aliwafunza?"

Sote tukamgeukia Shangazi. Alikuwa amesogea na miguu yake mitupu, anakitazama kile kioo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona amesimama hafanyi kitu.

"Hiyo ni pumu yangu," akasema.

Hatukumwelewa. Akaweka kidole kwenye kioo, pale palipolala, akatueleza bila kututazama. Alisema kiitikio alikitunga kiimbwe kwa pumzi moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, lakini kila alipofika pale alikuwa akiishiwa. Alisimama kwa sababu hakuwa na la kufanya. Aliposimama alitusikia na sisi tumesimama. "Nkadhani mnaningoja," akasema. "Miaka yote hiyo. Nkasema, alhamdulillah, watoto wana adabu."

Nilihesabu kichwani watu wote waliopita kwenye kifua kile, na watoto wao waliofundishwa nao, na watoto wa Mabela wanaokiimba kiitikio kwenye basi la shule, wote wanaishiwa pumzi pahala pamoja na vifua vyao vizima. Nilitaka kulia na nilitaka kumkumbatia, lakini Shangazi hakuwa mtu wa kukumbatiwa akiwa na jambo.

Suleiman alijaribu. Alimwambia watu wanatujua kwa kimya kile. Alimkumbusha maneno ya shekhe.

"Watu wanaililia pumu, Suleiman?" akauliza. "Nimsifu Mtume kwa ugonjwa? Miye nna siku zangu, ntakwenda. Kasida hii itabaki, isibaki na pumu. Itoeni."

Basi tukajaribu kuitoa. Tulisimama mbele ya maikrofoni, kiyoyozi kikazimwa, tukavuta pumzi ya kutosha kuzamia bahari, tukaanza, na tulipofika "twangoja" tukanyamaza. Tukarudia. Wifi yangu mkubwa alipita peke yake, akashtuka kujisikia, akanyamaza naye. Tukarudia. Mimi nilijiapiza kuwa upinde wangu hautasimama, nikaukazia macho, nikaona unasimama. Watoto wa ami walijaribu kuhesabu kwa vidole. Mmoja alishikwa na kicheko, akatoka nje, akarudi macho mekundu. Suleiman alikasirika, akatulia, akakasirika tena. Shangazi alikuwa anazunguka chumba kizima, amekunja ngumi, kila tukikaribia pale anatusukuma kwa kidevu, pita, pita, na hatukupita.

Mwisho fundi akavua vile vifuniko vya masikio. "Mama, mafi mushkila, hakuna shida," akasema. "Hiyo nitatoa na kompyuta. Nakata hapa, naunganisha hapa, hakuna mtu atajua."

Akakata, akaunganisha. Kiitikio kikapita kama maji ya bomba. Shangazi alikisikiliza mara moja, akaitikia kwa kichwa, akavaa viatu, akauliza mkoba wake uko wapi. Jioni ile alihamia Mabela.

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Kundi letu la simu likawaka moto. Waliosema kimya kirudishwe walisema si chake peke yake tena, ni chetu sote, tumekilipia kwa migongo yetu. Waliosema kikae nje walisema mwenye kasida ni yeye, na mtu ana haki ya kuomba ugonjwa wake usiimbwe. Mimi nilikuwa huku asubuhi na kule jioni. Albamu yote ilikuwa tayari, imebaki kiitikio hicho tu, na Suleiman alikuwa na nakala zote mbili, ile yenye kimya na ile iliyounganishwa. Akaapa kwamba haitoki hata moja mpaka Shangazi aisikilize tena kwa utulivu, aseme mwenyewe.

Utulivu Shangazi hakuwa nao mpaka ulipomjia kwa nguvu. Alianguka Mabela, peke yake sebuleni, akihamisha kochi. Nyonga ikavunjika. Walimfanyia upasuaji, na alipotoka hospitali alipelekwa Bustan kwa binti yake, ambako alilala akitazama ukuta na kumwambia kila anayeingia asogeze hiki, atoe kile, afungue dirisha, afunge. Suleiman alinipigia simu. "Nenda wewe," akasema. "Nikienda mimi ataniuliza kwa nini albamu inachelewa."

Nilikwenda baada ya alasiri. Mkoba wa buluu ulikuwa juu ya kiti karibu na kitanda, umefungwa, umeelekea mlangoni. Nilimwamkia, nikambusu mkono. Alikuwa amekonda lakini sauti safi, na nilipoinama nilitega sikio bila kukusudia: ile filimbi haikuwepo.

"Umeisikia?" akasema. "Hamna. Pumzi zimerudi, miguu imeondoka. Mungu hakupi vyote."

Nikamwambia nimekuja na kasida. Akataka kukaa kitako aisikilize. Mito ilikuwa laini mno, ikimtoka kila nikiipanga, naye akaanza kukereka, basi nikavua viatu, nikapanda kitandani, nikakaa nyuma yake, mgongo wangu ukutani. Akaniegemea. Alikuwa mwepesi. Nilikuwa sijakaa hivyo naye tangu utotoni, na wakati ule aliyeegemea nilikuwa mimi.

Nikaweka simu juu ya shuka, nikaiwasha ile nakala iliyounganishwa. Udi wa Suleiman ukaingia, fidla yangu ikafuata, kisha sauti zetu. Kiitikio kikaja, kikapita, hakikusimama popote.

"Hivyo ndivyo," akasema. "Kizima."

Nikamuuliza kama ndiyo tukitoe hivyo. Aliniambia nizime simu. "Hebu nikiimbe miye," akasema, "maana sijakiimba tangu nipewe dawa hii. Nikipite japo mara moja kama nilivyokitunga."

Akavuta pumzi. Niliisikia kifuani kwangu, pumzi pana, isiyokwaruza popote, nami nikavuta pamoja naye bila kutaka. Akaanza kwa sauti ya chini. *Tumefika mlangoni, twangoja…*

Akasimama.

Nilishtuka. Nikatupa macho mezani kutafuta ile dawa ya kuvuta, nikataka kumwita binti yake kutoka jikoni. Lakini mgongo wake ulikuwa bado umejaa. Hakuwa akihangaika. Pumzi ilikuwepo, yote, ameishikilia.

Kisha akacheka kidogo, kwa ndani.

"Pumzi nnazo," akasema. "Nnazo tele. Nimesimama mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini.

"Sijui, mwanangu. Kumbe na miye mmenifundisha. Mwambie kaka yako airudishe."

Nilijibu inshallah. Nilidhani sasa atauliza mkoba wake, au atanituma nikafunge dirisha. Hakuniuliza kitu. Nikadhani basi atamalizia mstari wake, lakini hakuumalizia. Mwanamke asiyeweza kungoja chai ichemke alikuwa ameniegemea, kimya, hatikisiki, na ilinichukua muda kufahamu kwamba ananingoja mimi.

Nikaimba, "utufungue," kwa sauti yangu ile ya kuitia teksi, na hakuniinulia mkono.